Uzi: Arifa ya sasisho kwenye kompyuta ya nyumbani inatoka wapi, na kwa nini bando huisha kabla hujaiona

Mleta mada, Nyegezi (Mwanza)

Heshima kwenu wakuu na wadau wote.

Hivi karibuni jirani yangu, mama anayeuza dagaa kwa jumla pale Mwaloni Kirumba, alinigongea mlango usiku akiwa ameshika simu, na uso wa mtu aliyeibiwa. Alikuwa amenunua bando la GB 5 ili mwanawe ajaze maombi ya chuo kwenye kompyuta ya mezani iliyoko sebuleni kwao. Waliwasha hotspoti ya simu, kijana akaanza kujaza, na kabla hajafika ukurasa wa tatu ujumbe mfupi ukaingia kwamba bando limekwisha. Mama alikuwa na hakika kwamba kampuni ya simu imemla. Nilipokwenda kuitazama ile kompyuta nilikuta, chini upande wa kulia wa skrini, kijisanduku kinachosema kwamba masasisho yako tayari na kwamba kilichobaki ni kuiwasha upya. Mama akakisoma, akanigeukia: "Mwalimu, kama ndiyo kwanza inaniambia, hizo GB ilizitumia kwa ruhusa ya nani?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike uzi huu. Wengi wetu tunaichukulia ile arifa kama hodi: mtu anabisha, nawe unaamua kumfungulia au kumwacha nje. Kwa kompyuta yenye Windows 10 au Windows 11 ambayo mipangilio yake haijaguswa, mgeni huwa ameshaingia na ameshakula, na arifa unayoiona ni sauti yake akiulizia mahali pa kulala.

Nieleze safari nzima, nikianza na Windows kwa kuwa ndiyo iliyo kwenye kompyuta nyingi za majumbani huku kwetu.

Watu husema kwamba sasisho "limetumwa" kutoka Marekani. Kwa kweli kompyuta yako ndiyo inayotoka kwenda kuuliza, kama vile anayetaka kusafiri kwenda Nansio anavyomtuma kijana bandarini kuulizia meli, kwa sababu hakuna baharia atakayepanda hadi nyumbani kwake kumwambia kwamba meli imetia nanga. Ndani ya mfumo kuna huduma inayoitwa Windows Update, ambayo kwa kawaida huziuliza seva (kompyuta kuu) za Microsoft, kampuni inayotengeneza Windows, mara moja katika kila saa 22, ikipunguza humo sehemu isiyozidi asilimia 20 kwa bahati nasibu ili kompyuta za mtaa mzima zisifike mlangoni dakika moja. Swali lenyewe ni dogo. Kompyuta hutaja toleo la mfumo wake, vifaa ilivyo navyo na masasisho ambayo tayari yamo, kisha hurudishiwa orodha ya maelezo kuhusu yale inayoyakosa. Hadi hapo bando lako halijahisi chochote.

Baada ya kuilinganisha orodha hiyo na hali yake, kompyuta huanza kupakua mzigo. Kazi hiyo hupewa kipakuzi cha ndani ya Windows, ambacho huukata mzigo vipandevipande na kukumbuka kilipoishia, kiasi kwamba umeme ukikatika katikati, utakaporudi kinaendelea kutoka pale pale badala ya kuanza upya. Mzigo ukishafika hukaguliwa saini yake ya kidijitali, ambayo ni hesabu inayothibitisha kwamba faili limetoka kwa mwenyewe na halijaguswa njiani. Likiharibika hata kwa herufi moja, hesabu haikubali na faili hutupwa. Ni muhuri, ila tofauti yake na mihuri tunayoijua ni kwamba huu hauchongwi mtaani. Yakishapita ukaguzi, masasisho huanza kusakinishwa kimyakimya kwa kadiri inavyowezekana huku wewe ukiendelea kuandika barua yako.

Kinachoyashinda masasisho hayo ni mafaili yanayotumika wakati huohuo. Ubao wa chini wa mtumbwi huwezi kuubadilisha mtumbwi ukiwa ziwani una watu. Sharti uuvute kwanza nchi kavu. Windows nayo haiwezi kuliondoa faili ambalo mfumo umelishikilia, kwa hiyo huliandika kwenye orodha ya mambo ya kufanywa kabla mfumo haujaamka tena. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza, unaambiwa. Arifa inatokea kona ya chini, alama ya kuzimia kompyuta inapata kidoa cha rangi ya machungwa, na ukiibofya unakuta chaguo jipya la kusasisha kwanza ndipo izime.

Kwa hiyo jibu la swali la mama ni kwamba ruhusa ilitolewa tangu siku kompyuta ilipowashwa kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyemweleza hivyo.

Kuhusu wakati, jirani yangu alikuwa na bahati mbaya ya kalenda. Tangu Oktoba 2003 Microsoft hutoa masasisho ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa 4 asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani. Kwetu hiyo ni saa 2 usiku katika miezi ambayo wao wamesogeza saa zao mbele, na saa 3 usiku katika miezi mingine. Mama aliwasha hotspoti Jumanne ya pili, baada ya chakula cha usiku. Isitoshe, kompyuta yake ilikuwa haijaunganishwa na intaneti tangu Pasaka, hivyo ilikuwa na deni la toleo zima jipya la mfumo, ambalo pekee yake ni GB kadhaa, pamoja na programu za duka la Microsoft ambazo nazo hujisasisha zenyewe zikipata upenyo.

Sasa nije kwenye kiini cha tatizo letu sisi tunaoishi kwa mabando.

Windows ina kanuni ambayo ingemwokoa. Ikijua kwamba intaneti inayotumika inalipiwa kwa kipimo, huahirisha karibu masasisho yote, isipokuwa machache inayoyaona ya lazima ili mfumo uendelee kufanya kazi vizuri. Kasoro iko katika namna inavyoamua kipi ni cha kipimo na kipi sicho. Laini ya simu iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe huhesabiwa kuwa ya kipimo. Waya wa mtandao huhesabiwa kuwa hauna kipimo, na waifai vivyo hivyo. Hotspoti ya simu, machoni pa kompyuta, ni waifai kama nyingine yoyote. Kompyuta haioni kwamba nyuma yake kuna simu, na nyuma ya simu kuna mama aliyekwangua vocha. Kwa maoni yangu waliotunga kanuni hii walikuwa na picha ya nyumba yenye intaneti ya kulipia kwa mwezi, ambamo hakuna anayehesabu megabaiti. Siwalaumu sana, lakini sisi lazima tuiambie kompyuta kile isichoweza kukiona.

Kuiambia si kazi. Ukiwa umeunganishwa na hotspoti yako, fungua mipangilio, ingia sehemu ya mtandao, bofya jina la hotspoti hiyo, kisha teremka hadi kwenye swichi iliyoandikwa "Metered connection" na uiwashe. Nilipomfanyia mama hivyo haikuzidi dakika moja, ingawa tulilazimika kusubiri kijana akope bando kwanza ili hotspoti ionekane ikifanya kazi.

Katika sehemu hiyo hiyo ya mtandao kuna ukurasa unaoonyesha kila programu imetumia data kiasi gani kwa siku 30 zilizopita. Nilimfungulia mama akaona mwenyewe. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba basi kampuni ya simu ameisingizia. Ni vyema kuutazama ukurasa huo kabla ya kupiga simu huduma kwa wateja kwa hasira.

Mimi nyumbani nina utaratibu wangu. Kompyuta yangu inaamini kwamba hotspoti yangu ni ya kipimo mwezi mzima, lakini usiku mmoja baada ya Jumanne ya pili ninanunua bando la usiku, ninaizima ile swichi, ninaiacha kompyuta ikiwa na chaja hadi alfajiri, kisha ninairudisha kama ilivyokuwa. Karibuni kwa maswali.

Mchangiaji, Igoma

Mkuu mleta mada, nashukuru kwa maelezo. Nina steshenari yenye kompyuta sita, na fundi wangu alinishauri niizime kabisa hiyo huduma ya masasisho katika zote, kwa sababu kuna siku moja iliniwashia upya kompyuta nikiwa na mteja mwenye haraka ya kwenda Bugando na nyaraka zake. Tangu wakati huo nina amani, na mwaka wa pili huu sijaona tatizo lolote. Kuna ubaya gani?

Mleta mada

Ndugu yangu wa Igoma, amani hiyo ninaielewa, lakini steshenari ndiyo mahali pa mwisho ambapo ningethubutu kuzima masasisho, kwa sababu kila mteja anakuja na flashi yake na hujui imetoka kulala wapi.

Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho lililoziba tundu katika sehemu ya Windows inayohusika na kugawana mafaili kupitia mtandao. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo, yaani siku 59 baadaye, programu haribifu ya WannaCry ilianza kupita katika tundu hilo hilo na kufunga mafaili ya watu kwa kudai fidia, ikafika nchi takribani 150 na kuvuruga hospitali za umma nchini Uingereza. Waliokuwa wamesakinisha sasisho la Machi, tundu lao lilikuwa limeshazibwa. Jambo la kutisha zaidi kwa mwenye steshenari ni kwamba WannaCry haikuhitaji mtu abofye chochote. Kompyuta moja ikiambukizwa ilizitafuta yenyewe nyingine zilizo kwenye mtandao mmoja nayo.

Hilo la kuwashwa upya mbele ya mteja lina dawa yake. Katika ukurasa wa Windows Update kuna mahali pa kutaja saa zako za kazi, na ndani ya saa hizo kompyuta haijiwashi upya yenyewe. Zinaweza kufika saa 18 kwa siku, hivyo hata anayefungua alfajiri na kufunga usiku anaenea. Ukiwa na msimu wa kazi nyingi, kama wakati wa maombi ya vyuo, unaweza pia kuyasimamisha masasisho kwa muda usiozidi siku 35, na muda huo ukiisha italazimu uyapokee kwanza ndipo uruhusiwe kusimamisha tena.

Tena kwa kompyuta sita una nafasi ambayo wengine hatuna. Windows ina kipengele kinachoitwa Delivery Optimization, kinachoziwezesha kompyuta zilizo kwenye mtandao mmoja kugawiana vipande vya masasisho, hivi kwamba moja ikishapakua, nyingine zinachota kwake badala ya kila moja kutoka nje na kula bando lako. Hakikisha tu kwamba umechagua kugawana na kompyuta za mtandao wako wa ndani peke yake. Chaguo jingine huzihusisha na kompyuta za watu wengine kwenye intaneti, na hapo utakuwa unawapakulia watu usiowajua kwa fedha yako.

Mchangiaji, Bukoba

Mimi swichi hiyo ya kipimo niliiwasha zamani, na wiki iliyopita bado nimeliwa GB 3. Kwa hiyo naona hii tiba haifanyi kazi kwa wote.

Mleta mada

Kabla sijakubali, naomba nikuulize mambo mawili. Je, umebadilisha simu, au jina la hotspoti? Na je, siku hiyo ulitumia waifai, au ulichomeka simu kwa waya wa USB?

Mchangiaji, Bukoba

Jina alilibadilisha binti yangu, ameweka jina la timu yake. Waya situmii.

Mleta mada

Basi mhalifu tumempata. Windows huihifadhi ile swichi kwa kila mtandao peke yake, na inautambua mtandao kwa jina. Binti alipobadilisha jina, kwa kompyuta huo ukawa mtandao mgeni kabisa, na mtandao mgeni wa waifai huanza ukiwa hauna kipimo. Iwashe swichi upya kwenye hilo jina jipya, na umwombe binti awe mwaminifu kwa timu yake angalau hadi mwisho wa msimu.

Nimeuliza kuhusu waya kwa sababu simu iliyochomekwa kwa USB huonekana kwenye kompyuta kama waya wa mtandao, si kama waifai, nayo ina swichi yake ya pekee. Watu wengi huwasha moja na kusahau nyingine.

Mchangiaji, Nansio (Ukerewe)

Naomba msaada wa haraka. Kompyuta ya mdogo wangu kila baada ya dakika chache inatoa arifa pale pale kona ya kulia chini, inasema virusi vitano vimepatikana na kwamba kivinjari kimepitwa na wakati, bofya hapa usasishe. Nyingine inataka apakue Flash Player. Je, hizi nazo ni za kusubiri Jumanne ya pili?

Mleta mada

Dada wa Nansio, hizo msizibofye hata moja. Flash Player, programu iliyokuwa ikionyesha video na michezo ndani ya kivinjari, ilistaafishwa na wenyewe, Adobe, tarehe 31 Desemba 2020, kwa hiyo yeyote anayekuletea sasisho lake leo anakuuzia samaki wa juzi kwa jina la leo.

Kinachotokea ni hivi. Wakati fulani mdogo wako alifungua tovuti, labda ya filamu au ya matokeo ya mpira, ikamuuliza kama anaruhusu arifa, naye akakubali ili aendelee. Tangu hapo tovuti ile ina haki ya kumtumia arifa kupitia kivinjari hata akiwa hajaifungua, na Windows huzionyesha kwenye kona ileile inakoonyesha za kwake. Mavazi ni yale yale, ila ukiitazama kwa makini, chini ya kichwa cha arifa ya uongo utaona jina la kivinjari pamoja na anwani ya tovuti, mara nyingi yenye herufi zisizotamkika. Fungua mipangilio ya kivinjari, tafuta sehemu ya arifa ndani ya ruhusa za tovuti, na uzifute zote usizozitambua. Zitakoma papo hapo. Kama alishabofya na kupakua kitu, hiyo ni kazi nyingine; aikague kompyuta kwa programu ya kuzuia virusi kabla hajaingiza nenosiri lolote.

Kivinjari cha kweli hakisasishwi kupitia ukurasa wa tovuti. Chrome, kwa mfano, hupakua toleo lake jipya yenyewe na kusubiri uifunge na kuifungua tena. Usipoifunga, alama iliyo kona ya juu kulia hubadilika rangi: kijani ikiwa sasisho lina siku zisizozidi mbili, rangi ya machungwa likifika kama siku nne, na nyekundu likitimiza wiki. Ninawajua watu wenye kurasa arobaini zilizofunguliwa tangu mwezi uliopita, wanaoogopa kuifunga wasije wakazipoteza, na nyekundu yao imekuwa pambo.

Mchangiaji, Musoma

Mimi ninatumia Ubuntu, ule mfumo wa familia ya Linux unaowekwa badala ya Windows. Arifa zake hazinisumbui sana, lakini ningependa kujua kama utaratibu ni huo huo, na kwa nini jirani yangu mwenye toleo lile lile hupata masasisho ambayo kwangu yanasema yameahirishwa.

Mleta mada

Msingi ni mmoja, nako pia kompyuta ndiyo inayokwenda kuuliza. Kipima muda cha Ubuntu hushtuka mara mbili kwa siku, kisha huongeza kuchelewa kwa bahati nasibu kwa muda unaoweza kufika saa 12, na kama kompyuta ilikuwa imezimwa wakati huo, kazi hufanyika ikiwashwa. Masasisho ya usalama husakinishwa yenyewe, na mengine hukusubiri ukubali.

Linux hairuhusu faili la zamani liwe kikwazo; huliweka jipya mahali pake, na programu iliyokuwa ikilitumia la zamani huendelea nalo hadi itakapofungwa. Ndiyo maana huombwi kuwasha upya mara kwa mara, isipokuwa kiini cha mfumo kikibadilika. Na ombi hilo lenyewe lina chanzo cha ajabu kwa urahisi wake: sasisho likihitaji kuwashwa upya, huacha faili dogo liitwalo reboot-required ndani ya /var/run, na kinachokuletea arifa kinachungulia tu kama faili hilo lipo au halipo.

Kuhusu jirani yako, Ubuntu hugawa baadhi ya masasisho kwa awamu. Kila kompyuta ina namba yake ya utambulisho, na kutokana na namba hiyo hupangiwa zamu, wachache wakitangulia na wengine wakifuata kadiri inavyoonekana kwamba hakuna malalamiko. Ninaupenda utaratibu huo. Tarehe 19 Julai 2024 ulimwengu uliona gharama ya kutoupanga mzigo kwa awamu, pale sasisho moja lenye hitilafu la programu ya usalama ya CrowdStrike lilipoangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, viwanja vya ndege vikiwemo.

Katika suala la hotspoti, Ubuntu imewatangulia wenzake. Simu ya Android inapogawa intaneti huweka dokezo kwamba inalipiwa kwa kipimo, na Ubuntu hulisoma dokezo hilo, kisha huahirisha usakinishaji wake wa kujiendesha bila kuambiwa na mtu.

Mchangiaji, Nyakato

Kwangu tatizo ni kinyume. Kompyuta ni ya mtumba, haijawahi kuniletea arifa ya sasisho, na nikiilazimisha itafute inaleta namba 0x80072F8F. Intaneti ipo, kwani ninawasoma hapa kwa hotspoti hiyo hiyo kupitia simu nyingine.

Mleta mada

Tazama saa iliyoko pembeni mwa skrini. Inakuambia leo ni mwaka gani?

Mchangiaji, Nyakato

Mwalimu, inasema Januari 2010. Sikuwahi kuitilia maanani.

Mleta mada

Hilo ndilo tatizo. Kabla ya kuuliza chochote, kompyuta huhakikisha kwamba seva inayozungumza nayo ni ya kweli kwa kukagua cheti chake, na kila cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta inayoamini kwamba iko mwaka 2010 inakiona cheti cha leo kama kitu ambacho bado hakijazaliwa, hivyo inakataa kuendelea, na namba hiyo ndiyo lalamiko lake. Bila mazungumzo hakuna orodha, na bila orodha hakuna arifa.

Saa inarudi nyuma kwa sababu betri yake imekufa. Fungua kompyuta ikiwa imechomolewa ukutani. Kwenye ubao mkuu, ule ambao mafundi wanauita mazabodi, utaona betri bapa ya mviringo mfano wa sarafu, iliyoandikwa CR2032. Kuna kibanio cha chuma pembeni. Ukisukume kwa ukucha, betri itaruka yenyewe. Weka mpya upande wenye alama ya kujumlisha ukiwa juu. Kisha washa, rekebisha tarehe, na utafute masasisho tena, lakini tafadhali washa kwanza ile swichi ya kipimo, kwa kuwa kompyuta yenye deni la miaka mingi ikifunguliwa mdomo haitakuachia bando.

Mchangiaji, Sengerema

Mzee wangu, yangu ni Windows 10, saa iko sawa, lakini arifa zimekoma na badala yake naambiwa kwamba msaada umefikia mwisho. Je, hii nayo ni ya uongo kama zile za Nansio?

Mleta mada

Hiyo ni ya kweli. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft iliweka mpango wa nyongeza ya masasisho ya usalama kwa watumiaji wa nyumbani, uliotangazwa kufika 13 Oktoba 2026, na nafasi ya kujiandikisha huonyeshwa kwenye ukurasa uleule wa Windows Update. Kama kompyuta yako haina sifa za kupokea Windows 11, hapo ndipo ningeanza kuongea na yule ndugu wa Musoma kuhusu Ubuntu.

Mchangiaji, Nyakato

Nimerudi kutoa mrejesho. Betri nimebadilisha, mwaka umekaa sawa, na imepata orodha ndefu. Sijaruhusu chochote bado.

Mleta mada

Vizuri. Usiogope urefu wa orodha, kwani sasisho la kila mwezi la Windows hubeba ndani yake yale ya miezi iliyotangulia. Utahitaji la mwisho tu kwa toleo ulilo nalo, si moja moja tangu mwanzo.

Nimalizie na mama yangu wa Mwaloni, kwa kuwa swali lake ndilo lililouanzisha uzi huu. Jana alinisimamisha njiani, safari hii akiwa na lalamiko jipya: tangu nilipoiwasha ile swichi, kompyuta yake haijamwambia neno, na anaogopa kwamba nimeiua. Haijafa. Inasubiri, na itaendelea kusubiri kwa muda wote itakaoamini kwamba kila megabaiti inalipiwa, jambo ambalo kwa miezi miwili mitatu si salama. Tumekubaliana kwamba Jumatano inayofuata Jumanne ya pili atanunua bando la usiku, nami nitapita saa nne usiku kumzimia swichi. Kijana wake ataamka alfajiri kuirudisha, kabla simu haijaenda sokoni na mwenyewe.